Viluwiluwi

Kwa Kiswahili, mtoto wa chura anaitwa kiluwiluwi. Mtoto wa mbu, yule anayeishi majini kabla ya kuota mabawa, naye anaitwa kiluwiluwi. Neno moja, viumbe viwili. Nimeongea Kiswahili tangu nizaliwe, nimekifundisha miaka mingi, na sikuwahi kuona shida yoyote hapo. Shida niliiona siku nilipomwaga kopo la msichana mmoja.

Ilikuwa Januari, mvua imekolea. Ndugu msomaji wa hapa Mantapala, wewe unayajua mashimo yetu. Kila nyumba ya matofali unayoiona iliacha shimo mahali fulani, pale tulipochimba udongo, tukaukanyaga kwa miguu, tukaujaza kwenye kibao. Mvua ikinyesha, shimo linakuwa bwawa. Hatukupanga kuwa na mabwawa, lakini tunayo.

Mchana ule nilikuwa na kikundi changu cha kusoma, watoto wetu pamoja na watoto wa wenyeji, maana hapa wanachanganyika, na ni jambo jema. Somo lilikuwa maji. Nilikuwa nimeandika ubaoni: Maji ni uhai. Watoto wakanakili. Wakati wa mapumziko wakatoweka, na waliporudi, msichana mmoja wa miaka tisa hivi alikuwa amebeba kopo la mafuta ya kula lililokatwa juu. Alilishika kwa mikono miwili, anatembea polepole lisimwagike.

"Mwalimu, ona! Biko na mikia!"

Nikachungulia. Maji ya matope, na ndani yake vitu vidogo vyeusi vinacheza. Viluwiluwi. Sikuuliza vya nini. Nikachukua kopo, nikalimwaga juu ya mchanga, nikasema kile ambacho mtu mzima yeyote wa hapa angesema: hii ni malaria, nendeni mkanawe mikono.

Msichana aliviangalia vikirukaruka juani mpaka vikaacha. Kisha akaniuliza, wala si kwa ubishi:

"Mwalimu, bilikuwa bya nani?"

Mtoto aliyekulia kambini ndivyo anavyouliza. Kila kitu anachokijua kina mwenyewe. Turubai lina nembo, ndoo ina nembo, kisima kina kibao cha kusema nani alitoa pesa. Nikamjibu, "Havikuwa vya mtu."

"Sasa juu ya nini ulibimwanga?"

Sikumjibu. Nilipiga kengele, tukarudi kwenye ubao uliosema maji ni uhai.

Nataka kuwa mkweli kuhusu woga wangu, kwa sababu haukutoka hewani. Sisi wengi tulitoka upande wa Pweto kuanzia Agosti 2017. Wengine walivuka kwa miguu wakaingia Chiengi, wengine kwa mitumbwi. Tulipelekwa Kenani kwanza, tukalala chini ya maturubai, halafu kuanzia Januari 2018 tukaletwa hapa msituni, tukapewa viwanja. Safari yote hiyo, maji ndiyo yaliyotuogopesha kila siku. Ukinywa ya mtoni, tumbo. Ukikaa karibu na maji yaliyosimama, mbu. Katika wilaya hii ya Nchelenge malaria haina likizo, inauma mvua na kiangazi. Ziwani kuna kichocho, kuna mamba, kuna dhoruba zinazopindua mitumbwi. Kipindupindu nacho kinaijua njia ya huku. Kwa hiyo sisi wazazi na walimu tukatunga sheria moja fupi ambayo mtoto wa miaka mitatu anaweza kuishika: usiende kwenye maji.

Sheria hiyo iliokoa watoto. Siidharau. Swali langu ni jingine: je, mtu anaweza kumlinda mtoto kutokana na kitu, na papo hapo akawa anamnyima kitu hicho hicho? Na kama ni hivyo, nani anampa ruhusa?

Usiku ule nilichukua taa nikaenda kwenye shimo. Kwanza niliona aibu, nikaogopa jirani atasema mwalimu amerukwa na akili. Lakini nilitazama. Ukiinama vizuri utaona kwamba viluwiluwi si kabila moja. Wale weusi wenye kichwa kikubwa na mkia walikuwa chini, kwenye matope na majani, wanakula ukungu wa kijani. Hao ni watoto wa chura. Juu, usoni mwa maji, kulikuwa na vijiti vidogo sana, vimelala sambamba na maji. Ukivigusa kivuli tu, vinajipinda na kuzama, halafu vinarudi juu, kwa sababu ni lazima vivute hewa. Hao ni watoto wa mbu wa malaria. Mbu wale wengine wanaotusumbua usiku, watoto wao hawalali, wananing'inia kichwa chini. Na kati yao alikuwepo mdudu mwingine wa rangi ya matope, mtoto wa kereng'ende, ambaye kazi yake mchana kutwa ni kuwinda watoto wa mbu.

Basi katika shimo moja kulikuwa na adui, na jirani asiye na kosa, na askari anayetupigania. Mimi niliwaweka wote katika neno moja na kuwamwaga. Tena, nikikumbuka vizuri, kopo la yule msichana halikuwa na mtoto hata mmoja wa mbu. Lilikuwa na vyura watupu.

Nilileta jambo hili kwenye mkutano wa wazazi. Nilipendekeza shimo lililo karibu nasi tulitengeneze: tulichimbe liwe la kina cha goti, ukingo uwe wa mteremko, nyasi zikatwe, tutie samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na watoto wajifunze pale, watu wazima wawili wakiwepo. Nilijiona nimesema vizuri. Mama mmoja akainuka. Alizika mtoto wake wa pili hapa hapa, kwa malaria, katika mvua ya mwaka wetu wa kwanza.

"Mwalimu," alisema, "miye nilizika mutoto mu hii udongo. Weye unaniambia tufuge mbu ku masomo?"

Hakuna aliyeongea. Nami sikumjibu, na hadi leo naona nilifanya vizuri kutomjibu pale pale. Kuna hoja ambazo ni za kweli na bado huna haki ya kumwambia mtu fulani kwa saa fulani. Mkutano ukaamua shimo lifukiwe. Lilifukiwa, na mimi mwenyewe nilishika jembe.

Lakini hoja yenyewe haikufukiwa, na sasa naiandika polepole, maana karatasi inaniruhusu kile ambacho mkutano haukuniruhusu.

Kuna ulinzi wa ukuta na kuna ulinzi wa macho. Ulinzi wa ukuta unamzuia mtoto asifike kwenye hatari. Ni mzuri, tena kwa mtoto mdogo ndio peke yake. Tatizo lake ni kwamba unaishia pale ukuta unapoishia. Yule msichana wa miaka tisa atafika kumi na tano. Atapanda lori kwenda Kashikishi kununua chisense akauze hapa kambini. Ataingia ziwani kufua, au ataolewa na mvuvi. Siku hiyo sheria yetu ya "usiende kwenye maji" itakuwa haimsaidii kitu, kwa sababu tayari yumo ndani ya maji. Hatajua kwamba kichocho kinatoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya ukingoni, na kwamba vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Hatajua kwamba kinaendelea kwa sababu watu wanajisaidia majini. Atakuwa na woga tu, na woga usiojua unachokiogopa ukichoka unakuwa uzembe. Tumewaona vijana wa hivyo. Waliokatazwa kila kitu, siku wakipata nafasi wanajitupa.

Ulinzi wa macho ni kumfundisha mtoto kutofautisha: hiki kinaua, hiki hakiui, hiki kinaua kile kinachoua. Yule mama aliogopa mbu, na alikuwa na haki. Lakini mbu hakuhitaji shimo letu. Anahitaji maji kidogo tu na siku zisizofika 14 kutoka yai mpaka mabawa. Kifuniko cha chupa kinaweza kumtosha, na kwato la ng'ombe pia. Tutafukia mashimo yote ya Mantapala, na bado atazaliwa nyuma ya nyumba. Anayeweza kumzuia ni mtu anayemtambua akiwa bado hajaota mabawa, na kati yetu sote ni nani mwenye muda wa kuinama nyuma ya kila nyumba kama si mtoto?

Sasa nirudi kwa swali la msichana. Vilikuwa vya nani?

Nilipomjibu "havikuwa vya mtu", ndani ya kichwa changu nilimaanisha: kwa hiyo havina thamani, mtu yeyote anaweza kumwaga. Hii ni fikra ya kambi, na naogopa imeniingia bila kujua. Hapa chenye thamani ni kile kilichoandikwa kwenye daftari la mtu. Mti usio na alama tunakata. Kijito kisicho na kibao tunatupia takataka. Tunasema, si chetu, sisi ni wapitaji.

Mzee mmoja mwenyeji, mtu tunayesalimiana sokoni, alinisimulia hadithi ambayo wazee wa bonde la Luapula wote wanaijua. Zamani kulikuwa na mwanamke, Nachituti. Kaka yake, chifu Nkuba, alimuua mtoto wake. Nachituti alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe, na Kazembe akamuua Nkuba. Mwanamke yule, kwa shukrani, akamletea Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji. Udongo ule ulikuwa nchi yote. Maji yale yalikuwa ziwa na mabwawa yote ya samaki. Ndivyo Kazembe alivyopewa nchi hii, na hadithi hiyo bado inasimuliwa.

Nilisikiliza, na nikamkumbuka msichana wangu na kopo lake. Kwa watu wa hapa, maji ya chungu kimoja yanaweza kusimama badala ya ziwa zima. Yeye aliniletea maji ya kopo moja, akiyashika kwa mikono miwili, na mimi nikayaona ni uchafu. Sisemi kwamba mtoto yule alikuwa ananipa nchi. Nasema alijua kuonyesha kitu cha thamani, na mimi sikujua kukipokea. Mgeni anayemwaga maji ya mwenyeji bila kuyatazama hana adabu, hata kama ameyamwaga kwa kuogopa homa.

Wengine wataniambia: mwalimu, sisi tutarudi nyumbani. Kwa nini watoto wajifunze vyura vya Zambia? Wajifunze vitu vya kwao.

Nami nataka kurudi. Lakini tazama ramani. Mto Luapula unaingia Ziwa Mweru upande wa kusini. Maji yanakaa humo ziwani, yanapita mbele ya Nchelenge na mbele ya Kilwa ya upande wetu, halafu yanatoka kaskazini, pale Pweto, kwa jina jipya: Luvua. Luvua inakwenda kuungana na Lualaba, na Lualaba ndiyo Mto Kongo wenyewe, mpaka baharini. Vijito vya upande huu vinateremka kuelekea ziwa hilo hilo. Yaani maji ambayo mtoto wetu anayaona huku yako njiani kwenda kwetu. Yanapita Pweto bila kuulizwa karatasi. Kujifunza maji ya hapa si kusahau kwetu.

Na hata majina. Mwenyeji wa Kibemba akimwona chura anasema chula. Herufi moja tu. Watoto waligundua hilo kabla yangu, wakalifanya wimbo wa kuchekana, wakasahau nani ni wa kambi na nani ni wa kijiji.

Kuna pingamizi la tatu, na hili ndilo linalonisumbua usingizi. Nilidhani nimeshapata jibu langu zuri: tuwafundishe watoto kuyajua maji, watayapenda, wakiyapenda watayatunza. Nikaenda kulieleza kwa mzee mmoja wa kwetu, mvuvi wa zamani, anayeketi kila jioni mbele ya nyumba yake akitengeneza nyavu asizokuwa na ziwa la kuzitupia. Alicheka.

"Mutoto wangu," akasema, "sisi tulikuwa tunajua mpumbu kuliko wewe unavyojua bibi yako. Na tulimumaliza."

Hadithi ya mpumbu inajulikana pande zote mbili za ziwa. Alikuwa samaki mkubwa, mnono, na mvua zilipoanza alitoka ziwani makundi kwa makundi akapanda Luapula kutaga mayai. Watu wa mto walijua siku, walijua mkondo, walijua sauti ya maji akipita. Halafu yakaja malori na wafanyabiashara wa Kasenga, na migodi ya Elisabethville ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi wa kulisha. Nyavu zikatandazwa mahali pale pale alipopita kutaga. Mayai yake yenyewe yakawa bidhaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 lile kundi kubwa lilikuwa limekwisha, na halijarudi kuwa kama lilivyokuwa. Walioangamiza mpumbu hawakuwa wajinga wa mpumbu. Walimjua vizuri mno.

Basi mzee alinipokonya jibu langu. Kujua peke yake hakutunzi. Mwindaji anamjua swala. Mwizi anaijua nyumba.

Nilikaa na hilo kwa wiki kadhaa. Sasa nafikiri hivi. Wavuvi wale walijua mpumbu yuko wapi. Lakini hawakuwa na mahali pa kuketi wote, wa upande huu na wa upande ule, na wenye malori pia, wakaulizana: tukimchukua huyu leo, mwakani atataga nani? Ujuzi waliokuwa nao ulikuwa wa kuchukua, na swali ni la aina nyingine. Leo serikali ya Zambia inafunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Ni sheria nzuri. Lakini mtu asiyewahi kuona yai likiwa kiluwiluwi, na kiluwiluwi kikiota mguu, kwake Desemba ni mwezi wa njaa tu na askari wa samaki ni adui. Ataivunja sheria hiyo akipata giza. Mwenye kujua bila sheria alimaliza mpumbu, na mwenye sheria bila kujua atamaliza waliobaki. Mtoto anahitaji vyote viwili, na lile swali anatakiwa kulizoea mapema, kabla hajashika wavu: bilikuwa bya nani? Msichana wangu alikuwa ameshafika kwenye swali hilo peke yake. Mimi mwalimu ndiye niliyekuwa nyuma.

Marehemu Wangari Maathai wa Kenya, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alimaliza hotuba yake kwa kukumbuka kijito karibu na nyumba yao. Akiwa mtoto aliyetumwa maji na mama yake, aliona mayai ya chura, akadhani ni shanga, akajaribu kuyaokota yakamkatikia vidoleni. Baadaye aliona viluwiluwi maelfu ndani ya maji safi. Halafu akaueleza ulimwengu kwamba kijito kile kimekauka. Mwanamke yule alipanda miti mamilioni pamoja na wanawake wenzake, alipigwa, alifungwa, na alipopewa dakika chache za kusikilizwa na dunia nzima, alisimulia viluwiluwi. Mama yake hakuwa tajiri. Alimtuma maji tu, na hakumwaga alichokiona.

Kwa hiyo wale wanaosema mambo haya ni ya watu walioshiba, mtoto ashibe kwanza ndipo aone chura, nawajibu kwa heshima: mgao umepungua, najua, nami nala bukari mara moja kwa siku kama wewe. Lakini kutazama hakuli unga wa mtu. Na kuna kitu kingine ambacho mtoto wa kambi anakipata kwenye maji, asichokipata kwingine: kungoja kunakokwisha. Sisi ni mabingwa wa kungoja. Tunangoja foleni, tunangoja jina lisomwe, tunangoja amani ya kwetu. Kungoja kwetu hakuna siku ya mwisho, na watoto wanatuona. Kiluwiluwi cha chura nacho kinangoja, lakini ukirudi wiki kadhaa baadaye kimeota miguu ya nyuma, halafu ya mbele, halafu mkia unapungua, halafu siku moja hakipo, kimeondoka kwa miguu yake. Mtoto anajifunza kwamba kuna mambo yanayochelewa na bado yanafika.

Tunafanya nini sasa? Jambo dogo. Hatuna bwawa. Tuna beseni moja kubwa lililotoboka tukaliziba, limekaa mbele ya darasa mahali ambapo kila mama anayepita analiona. Tunalijaza maji ya mvua, maana hayana konokono wala kichocho. Kila Jumamosi watoto wanayamwaga yote juu ya kitambaa. Kilichobaki kwenye kitambaa kinatazamwa: vya chura vinarudi ndani ya maji mapya, vya mbu vinaachwa juani. Wiki moja haimtoshi mbu kuota mabawa, kwa hiyo beseni letu halijawahi kuzaa mbu hata mmoja. Kwenye daftari wanachora, na chini ya mchoro wanaandika jina kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ilitubidi tuongeze: kiluwiluwi cha chura, kiluwiluwi cha mbu.

Jumamosi moja watoto watatu walinifuata nyumbani bila kualikwa. Walizunguka nyuma wakakuta chungu changu kilichovunjika, kimejaa maji ya mvua tatu. Waliinama. Kisha wakaniita kwa sauti ya watu wa ukaguzi. Vijiti vile vidogo vilikuwa vimelala usoni mwa maji, wengi, nyumbani kwa mwalimu. Mmoja wa hao watatu alikuwa mtoto wa yule mama. Alikigeuza chungu mwenyewe. Nasikia sasa anageuza vyungu vya mtaa mzima, na mama yake amemwachia.

Mama yule hajawahi kuniambia kwamba nilikuwa na haki, wala sitaki aniambie. Shimo limefukiwa na ni sawa. Anapopita anasimama kidogo kwenye beseni, anaangalia, anaondoka.

Neno la mwisho kwa ninyi mnaokuja na magari meupe na mnaosoma kijitabu hiki, na najua mnakisoma. Zambia ina vilabu vya Chongololo tangu miaka ya 1970, ambavyo viliwafundisha watoto wa nchi hii viumbe wao, hata kwa redio. Kwa hiyo siwaletei jambo geni. Siombi mradi wa bwawa wenye kibao. Naomba mtu mmoja anayezijua samaki na vyura za huku aje akae na watoto asubuhi moja, na naomba msiwaambie wazazi wanaoogopa maji kwamba ni washamba. Woga wao una makaburi.

Na naomba jambo moja zaidi. Ninyi pia mna neno moja mnalotumia kwa viumbe wengi. Mnasema "wakimbizi". Ndani ya neno hilo kuna mvuvi asiye na ziwa, na mama aliyezika, na mtoto anayebeba kopo kwa mikono miwili, na hata mwizi, maana naye yumo. Sisi hatuwalaumu sana. Tunajua jinsi neno moja linavyorahisisha kazi. Lakini kabla ya kumwaga, inameni mtazame.

Yule msichana bado anakuja. Juzi nilimwambia kwamba nimepata jibu la swali lake la pili, kwa nini nilivimwaga. Nilimwambia: kwa sababu sikuvijua.

Akafikiri kidogo. "Na la kwanza?" akauliza.

La kwanza bado.